Kiganja Kiachwe Wazi

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha walioumia, asanteni kwa kunipa nafasi. Najua kila mmoja hapa ana yake, na harufu ya ugali wa akina mama imeshatufikia, kwa hivyo sitawachosha. Nitawaambia juu ya mkono huu wa kulia, na juu ya wivu.

Kazi yangu hospitalini ilikuwa kuwafundisha watu kama nyinyi kuvaa, kuoga na kula wenyewe tena baada ya ajali au ugonjwa. Nikapata nafasi chuoni ya kusomea shahada ya uzamili, upande wa vifaa saidizi. Mama aliwatangazia majirani wote wa ploti yetu hapa Shauri Moyo. Kabla masomo hayajaanza, bodaboda ikaniangusha kule Industrial Area, mfupa wa mkono ukavunjika na mshipa wa fahamu ukaumia. Mfupa uliunga, lakini kifundo cha mkono kikabaki kimelegea, vidole vinaning'inia tu. Nafasi yangu akapewa rafiki yangu wa kazini, aliyekuwa akingoja nyuma yangu kwenye orodha.

Nawaambia, nilimwonea wivu kweli. Alikuwa akija kunisalimia na mkoba wa chuo, ananieleza vile wanavyompimia mtu kiti cha magurudumu, na mimi simsikii. Naangalia vidole vyake. Anafungua thamosi, anajimiminia chai, anafunga, hata haangalii! Mimi Mama ananimegea ugali na kunitia mdomoni, maana kwetu mkono wa kushoto hauli, mtu mzima na meno yangu yote. Mnacheka? Chekeni, hata mimi siku hizi nacheka.

Siku moja akaja na kazi yake ya mtihani. Alikuwa amenitengenezea gango la plastiki la kushikilia kifundo, na kijiko cha mpini mnene. Gango lilipita chini ya mkono, likafunika kiganja chote, vile tulivyofundishwa. Mama akaandaa ugali na sukuma.

"Wewe hula ugali na kijiko tangu lini?" nikamuuliza.

"Ni ya kuanzia tu, dadangu."

"Na tonge nitalifinyia wapi, juu ya plastiki? Umepewa nafasi yangu, na hivi ndivyo unaitumia!"

"Haki wewe!" Mama akasema. "Huyu si mgeni wetu?"

Rafiki yangu akatoa kwenye mkoba kipande cha plastiki kilichobaki, na makasi, akaviweka mezani.

"Basi tengeneza wewe. Hiyo kichwa haikuvunjika." Akaenda zake.

Kesho yake nikamwambia Mama achemshe maji. Nilichora kwa mkono wa kushoto, yeye akakata. Plastiki ilipolainika tukailaza juu, mgongoni mwa mkono, na ukanda mwembamba tu ukapita chini. Ilinibana, tukairudisha kwenye sufuria, tukaanza upya. Kiganja kikabaki wazi. Mchana nikamega tonge, likaanguka. Nikamega tena, nikalifinya, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikachota sukuma. Likafika mdomoni! Mama alivuta sahani yake, akala chakula kikiwa bado moto, kwa mara ya kwanza tangu niumie.

Nilimwita rafiki yangu aje aone, na ndugu zangu, nilitaka na yeye aone wivu. Aliligeuza gango, akalichunguza, kisha akanipeleka kwa walimu wake na kuwaambia wazi ni kazi ya nani. Wakaniingiza darasa lililofuata.

Mama, asante. Wewe rafiki yangu uliyeketi hapo nyuma, asante kwa yale makasi. Na nyinyi mnaomwonea mtu wivu, msijifiche. Jiulize ni kitu gani chake hasa unachokitaka, kisha ukitafute. Mwenzangu amehitimu, amevaa joho, na mimi bado naandika tasnifu. Wivu haujaisha. Lakini leo tutakula meza moja, na nimeshamwambia asinimegee.