Kibuyu Kilichowangoja Wanakriketi

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe cha chai mkononi, usikiweke chini. Mama tunayemkumbuka leo hakupenda kuona chai ya mtu ikipoa kwa sababu ya huzuni. Hiyo chai alikuwa anaichuma yeye mwenyewe, na alijua inavyouma mgongo.

Jina lake ni Janeffer Chepkemoi. Wengi walimwita Mama Nelvine. Alikuwa mkulima wa majani chai huko Boito, kaunti ya Bomet, na alikuwa shabiki wa kriketi. Narudia, maana najua kuna mtu amesogea karibu na redio akidhani amesikia vibaya: kriketi. Si mbio, si kandanda. Mama huyu wa Boito alizikwa Ijumaa iliyopita, katikati ya ule mfululizo wa mechi tatu, kila moja ya siku moja, uliowafanya baadhi yenu msahau hata kukamua ng'ombe.

Mataifa mawili yaliyokuwa yakicheza sitayataja. Simu za hapa studio zimewaka vya kutosha. Msikilizaji mmoja wa Soin alituandikia kwamba timu fulani inasimama uwanjani "kama watu wanangoja lori ya majani". Mwingine wa Kaplong akampa jibu ambalo siwezi kulirudia, maana kipindi cha maombi kiko karibu. Mechi ya kwanza ilipoisha, nusu yenu mlikuwa mnaimba na nusu mmezima simu. Ndivyo mashabiki walivyo, na mimi nawapenda hivyo hivyo.

Lakini Janeffer hakuwa upande wowote. Akiulizwa anamshabikia nani, jibu lake lilikuwa moja. "Mimi nangoja wetu."

Wetu ni Kenya. Na Kenya haikuwa inacheza.

Wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma kidogo. Janeffer alipokuwa msichana alipata kazi jikoni, katika klabu ya shamba moja la majani chai. Kazi yake ilikuwa kukata mkate na kubeba birika. Akawaona watu wazima waliovaa nguo nyeupe wakicheza, wakasimama, wakaja kunywa chai, kisha wakarudi kucheza bila haraka yoyote. Akawaambia wenzake jikoni, "Mchezo wenye unasimama ndio watu wakunywe chai, huo ni wetu." Wenzake walicheka. Yeye alikuwa amekwisha kupenda.

Sasa tuje mwaka wa elfu mbili na tatu. Wakubwa mnakumbuka. Timu yetu ya kriketi ilienda Kombe la Dunia, ikafika nusu fainali. Kenya, nusu fainali. Janeffer alisikiliza mechi hizo akiwa kwenye majani, redio ndogo imefungwa kwa leso juu ya kikapu mgongoni. Na timu ilipokaribia kurudi, alifanya jambo ambalo mama yeyote wa Kipsigis angelifanya kwa watoto walioenda mbali wakapigana vizuri. Alitayarisha mursik.

Mnajua wanariadha wetu wakirudi na ushindi hupokewaje. Wanapewa maziwa yaliyolala, moja kwa moja kutoka kwa sotet, kile kibuyu chetu. Janeffer alichagua sotet nzuri kuliko zote za nyumba yake. Akaisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akatia maziwa, akafunika, akayaacha yalale. Alipanga kuipeleka Nairobi mwenyewe, aisimamishe timu na kuwanywesha mmoja mmoja.

Siku ya safari ilikuwa pia siku ya kuuza majani. Mvua ilikuwa imeanza, barabara ni tope tupu. Alichuma alfajiri, akafika kituo cha kupimia majani na kikapu chake, akangoja lori la kiwanda. Lori halikuja. Angeweza kuyaacha majani pale chini yaharibike aende zake. Hakuyaacha. Mkulima gani anamwaga majani? Lori lilipofika, dereva wake, Obonyo, akiwa na tope mpaka magotini, jua lilikuwa limepanda. Janeffer akapimiwa, akakimbilia gari la Nairobi na sotet kifuani.

Alipofika uwanja wa ndege, wachezaji walikuwa wamekwisha kupita. Mlinzi mmoja alimuuliza, kwa heshima kabisa, "Mama, unamngoja mkimbiaji gani?"

Alirudi Boito na sotet imejaa. Nelvine, binti yake, alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anasema majirani walikuwa wamekaa barabarani wakingoja hadithi. Walipomwona mama akishuka, wakaona vile amebeba kile kibuyu kwa mikono miwili, wakajua kingali kizito. "Hakuna mtu aliuliza kitu," Nelvine ameniambia. "Walisalimia tu, wakaenda kwao."

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mama huyu alipoingiwa na wazo ambalo hakuna mtu aliyeweza kulitoa. Miaka iliyofuata timu yetu ilianza kushuka. Ikashuka, ikashuka. Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Janeffer aliposikia habari hiyo aliketi mlangoni akasema, "Ni ile maziwa. Watoto waliingia nyumbani na koo kavu."

Mureithi alijaribu kumtoa hapo. Mureithi ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni Boito. Ana televisheni juu ya rafu ya misumari, na mashabiki wachache wa kriketi wa eneo hilo hukusanyika kwake. Wazazi wake walikuja kutoka Nyeri, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hajaonja mursik. Alisema ile rangi ya majivu inamtisha.

"Mama Nelvine," alimwambia, "timu inaanguka juu ya mambo mengi. Si maziwa."

"Baba Ryan, wewe umewahi ona mkimbiaji wetu akirudi akose maziwa?"

"Hapana."

"Na umewahi ona mbio zetu zikikauka?"

"Hapana."

"Basi nyamaza tuangalie mechi."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo moyo wa mama huyu ulipo. Sotet ile haikunywewa na mtu tena. Kila mfululizo mkubwa wa mechi za siku moja ulipoanza, popote duniani, Janeffer aliijaza. Pengine safari hii atasikia kwamba Kenya imerudishwa. Mfululizo ulipoisha na Kenya haikutajwa, aliyamimina yale maziwa kwenye jagi, mashabiki wakanywa dukani. Kwa jagi, sio kwa sotet. Hilo alilishikilia sana. Mpwa wake Kiptanui alishinda mbio ng'ambo, akarudi nyumbani akanyoosha mkono kwa ile sotet nzuri. Shangazi akampiga kofi la vidoleni. "Yako ni ile ingine. Hii iko na wenyewe."

Obonyo naye, yule dereva, siku hizi amestaafu na ni mmoja wa mashabiki wa dukani. Ananiambia, "Alinisamehea kitambo. Lakini kila siku nikiingia, anaangalia saa kwanza, ndio anisalimie." Anacheka akisema hivyo.

Mechi ya kwanza ya mfululizo huu Janeffer aliitazama dukani, kwenye kiti chake cha plastiki cha bluu, akikohoa. Mashabiki wawili walikuwa karibu kushikana mashati kwa sababu ya uamuzi wa refa. Aliwaambia, "Nyinyi mnapigania watoto wa watu. Wenu wako wapi?" Wakakaa chini.

Mechi ya pili ilimkuta hospitalini, kifua kimekataa. Alisikiliza kwa simu ya Nelvine, spika iko sikioni. Nelvine hakuwahi kuipenda kriketi. Aliona ni mchezo wa kumchelewesha mama yake nyumbani. Siku hiyo alimshikia simu kutoka mwanzo mpaka mwisho, mkono ukafa ganzi. Ilipoisha mama alimwambia, "Sotet usiiache kavu. Itapasuka." Asubuhi yake akaaga dunia. Alikuwa amengoja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Siku ya mazishi, mzee mmoja wa ukoo alishauri sotet izikwe pamoja na mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa yake na hakuna mwingine wa kuitumia. Nelvine alikubali. Aliniambia alikuwa amechoka, na hakutaka tena kuiona pale ukutani. Alikuwa ameishika pembeni ya kaburi, maziwa ya mfululizo huu yakiwa bado ndani, wakati Mureithi alipoomba kusema.

"Mimi si wa hii nyumba," alisema, "na mila yenu siijui vile inasema. Lakini mkizika hiyo, mtakuwa mmesema wale vijana hawarudi. Mama Nelvine hakusema hivyo. Hata siku moja."

Pasta alimtazama Nelvine. Nelvine akatazama sotet. Hakuiweka kaburini.

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa mechi ya tatu. Duka lilijaa, lakini kiti cha bluu kilibaki wazi. Wachezaji wa kwanza walikuwa wamekwisha kutolewa Nelvine alipoingia, sotet mkono mmoja, jagi mkono wa pili. Akaketi kwenye kile kiti. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akamuuliza Obonyo kwa sauti ya chini, "Huyu anatembea anaenda wapi?" Obonyo akamweleza. Akauliza tena. Akaelezwa tena. Mchana wote ukaenda hivyo, na mashabiki, ambao wiki hiyo hawakuwa wamesikilizana hata kidogo, wakawa wanashindana kumfundisha.

Mechi ilipoisha, upande mmoja ulishangilia, na upande mwingine ukalaumu uwanja. Nelvine akasimama, akaimimina mursik kwenye jagi kama mama yake, akaanza kuwajazia watu vikombe. Alipofika kwa Mureithi alipita, kwa mazoea ya wote. Mureithi akamwita.

"Leo nipe."

Akanywa. Uso ukamkunjamana, watu wakacheka. Akanyoosha kikombe apewe tena.

Kwa niaba ya kituo hiki na wasikilizaji wake, tunampa pole Nelvine, pole Kiptanui, pole ndugu na jamaa wote wa Boito. Pole pia kwa ile familia ya dukani, Mureithi, Obonyo na wenzao, kwani wao pia wamefiwa. Mungu awafariji. Na wewe unayenisikiliza, fikiria leo: ni nani umemwekea mlango wazi muda mrefu hata watu wakaanza kukucheka? Usione haya. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayengoja hivyo, keti naye kidogo. Hata kama huelewi anachongoja.

Nimewabakishia neno moja. Watu walipoanza kutawanyika dukani, Nelvine alitikisa sotet, akasikia imeisha kabisa. Akamuuliza Mureithi, "Baba Ryan, hao wetu wakirudi kucheza, utajua mapema?"

"Nitajua."

"Basi niambie. Siku hiyo mimi sichumi majani."