Mkia wa Fisi Maji: Kumuaga Mpiga Picha Wetu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mpiga picha wetu atakabidhi funguo za kabati la lenzi na kustaafu rasmi, baada ya kulitumikia shirika letu la hifadhi kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Wengi wetu tulikuwa hatujaanza hata shule alipoajiriwa. Kwa kuwa natunza maktaba ya picha na meza yangu imegusana na yake, nimepewa faili lake ili niandike haya. Tarehe zote nimezikuta. Nimekuta pia barua moja isiyosema kweli. Nitaifikia, maana sitaki mzee wa watu aondoke nayo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa na studio ndogo, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kigoda, akipiga picha za vitambulisho. Huko ndiko alikozoea kuwaambia watu watulie, na sisi tukampa jina la Bwana Tulia. Dereva wetu wa zamani husimulia hadi leo kwamba siku ya kwanza porini walimkuta nyati dume amesimama hatua arobaini kutoka garini. Bwana Tulia akateremka, akaweka kamera kwenye stendi, na kwa mazoea ya studio akamwambia nyati: "Tulia. Inua kidevu kidogo." Nyati akainua. Dereva akasema: "Amekutii, ndugu yangu. Sasa sisi tumtii yeye, ingia garini!" Picha ile ipo maktaba, na kidevu kimeinuliwa kweli.

Si kila siku ilikuwa ya kucheka. Mwaka wake wa pili alisogelea kiota cha korongo ili apate picha ya karibu. Korongo akaruka na hakurudi, mayai matatu yakapoa. Picha ilitoka nzuri ajabu, akaichana mwenyewe. Tangu hapo hakupiga tena picha ya kiota, na mgeni yeyote aliyemwomba ampeleke kwenye kiota alipewa chai na maneno matamu, kiota hakuonyeshwa.

Mkewe ana malalamiko yake, na nimeahidi kuyaandika. Anasema mumewe alipiga picha za harusi ya binti yao akiwa amejibanza nyuma ya chungu cha maua, kwa hiyo wageni wote wanaonekana kama swala waliohisi kitu. Anasema pia kwamba ndani ya miaka thelathini hajawahi kufua koti la kazi la mumewe bila kukuta karanga kwenye kila mfuko.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya kupiga picha. Ilikuwa ya kuzirudisha. Alikuwa akisema picha iliyofungiwa kabatini haimlindi mnyama yeyote. Basi alibeba picha kubwa hadi kwenye vijiji vinavyopakana na misitu na maji, akazibandika penye mashine ya kusaga, kwa sababu pale kila mtu hupanga foleni na hana pengine pa kutazama. Mama mmoja mkata matete aliitazama picha ya fisi maji, yule mnyama mwembamba aogeleaye na kula samaki, akashika kiuno: "Kumbe ndiye huyu anayeniibia kwenye mtego wangu? Na alivyo mzuri hivi, nimfanye nini sasa?" Kijiji kile kiliacha kumtegea fisi maji mwaka uleule. Misitu miwili na bonde moja vimetengwa kuwa hifadhi kwa msaada wa picha zake, na hayo yamo kwenye faili.

Sasa nije kwenye kinamasi cha kaskazini.

Miaka minne iliyopita palitolewa ombi la kukikausha kinamasi hicho ili yajengwe maghala. Kamati ya ardhi ilikuwa ikae iamue. Hoja yetu ilikuwa moja: fisi maji wanazaa pale, na wakifukuzwa hawana kwingine karibu. Tulichapisha vijitabu elfu mbili, na jalada lake lilimtoa kila mtu machozi: mama fisi maji amembeba mwanawe mdomoni, maji yanamchuruzika, macho yanakutazama wewe. Chini yake maneno: "Kinamasi cha kaskazini."

Haikuwa kweli. Picha ile ilipigwa kwenye mto wa mlimani, mwendo wa siku nzima kwa gari. Bwana Tulia aliporudi kutoka safari, siku tano kabla ya kikao, alikitazama kijitabu kwa makini. Kisha akaweka kidole kwenye mawe nyuma ya mnyama. Kinamasi chetu hakina jiwe hata moja.

Mkuu wetu wa wakati ule alimsihi anyamaze. Fisi maji ni fisi maji, akasema, na pale kinamasini wapo, sote tunajua, sasa nani atahesabu mawe? Bwana Tulia akajibu kwamba picha moja ikisema uongo, zilizobaki kabatini zote zitaitwa za uongo, na siku hiyo hakuna mnyama atakayepata wa kumtetea. Akaenda kwenye kikao, akasimama, akaieleza kamati ukweli wote kuhusu mawe yale. Wakili wa upande wa pili alicheka hadi akavua miwani. Siku ile tulidhani kinamasi kimekwenda.

Kamati ikatupa siku ishirini na moja. Tulete picha kutoka kinamasini penyewe, na karani wao akae humo aone kwa macho yake. Karani alifika na viatu vilivyong'aa. Siku ya kwanza aliuliza kama ruba wanapanda hadi juu ya goti. Bwana Tulia alimwambia wanapanda, ila si wote. Kibanda chao kilikuwa cha matete, kipana kama godoro moja, na humo walikaa watu wazima wawili tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kufikia wiki ya tatu karani alikuwa akimkaripia dereva wetu kwa kufunga mlango wa gari kwa kishindo.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, mvua ikinyesha, lenzi ikiwa imeingia ukungu, mama fisi maji akapita. Bwana Tulia akapata picha moja tu. Kusema haki, ni picha mbovu. Unaona mkia, nusu ya mgongo, na kichwa cha mtoto kinachofanana na soksi iliyoloa. Karani akaweka sahihi nyuma yake, na mbele ya kamati akasema: "Nilikuwepo. Alipita hapa, karibu na mguu wangu." Kinamasi kikaachwa. Picha hiyo ndiyo ile ya ukumbini ambayo wageni hutuuliza kwa nini tumeitundika.

Yaliyofuata wengi hamkuyajua. Vijitabu elfu mbili vilikuwa vimetupwa, shirika limeaibika, na lazima apatikane wa kujibu. Bwana Tulia akaandika kwamba maneno yale ya jalada yalipita mezani kwake. Akapewa barua ya onyo kwa uzembe, na ukuu wa kitengo cha picha, ambao ilikuwa zamu yake kuupata mwaka ule, akapewa mwingine. Barua hiyo ndiyo niliyoikuta kwenye faili.

Maneno yale hayakupita mezani kwake. Alikuwa safarini. Niliyaandika mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka likizo ya uzazi wiki tatu tu, mtoto halali, mimi silali, nikachanganya bahasha mbili zilizoingia maktaba tarehe moja na sikurudia kuangalia. Nilipomfuata nikilia, alinifungia mlango ili wengine wasisikie, akaniambia: "Mwanangu, wewe una mtoto mchanga na mkataba wa majaribio. Mimi nina nyumba, na mke atakayenifokea hata nisipokosa. Nenda kanyonyeshe." Nikaenda kunyonyesha. Hakulitaja tena neno lile. Kitu pekee alichobadilisha ni kwamba tangu siku ile kila bahasha ya picha iliandikwa mahali kabla ya tarehe, kwa wino mwekundu, na alinifundisha hivyo kana kwamba ni desturi ya zamani.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu wa sasa, nikaweka barua ile mezani, nikamweleza kila kitu. Akaniuliza kwa nini nilikaa kimya miaka minne. Niliogopa, basi. Mwanangu sasa ana miaka minne na analala usiku kucha, sina tena sababu ya kujificha nyuma yake. Mkuu ametia sahihi barua ya kulifuta onyo, nayo itasomwa siku ya kuagana, mkewe akiwa ameketi mbele asikie vizuri. Barua yangu mimi ya onyo nimeipokea jana. Ni ya haki, nimeisaini.

Bwana Tulia hajui lolote kati ya haya hadi atakaposoma hapa. Atakasirika, atasema najiharibia jina mwenyewe. Akasirike. Alitufundisha kwamba maneno chini ya picha yakiwa ya uongo hurekebishwa, hata kama picha imependeza na kila mtu amekwisha kuizoea.

Mzee wetu, asante kwa mvua ulizonyeshewa kwa ajili ya wanyama wasiojua kushukuru, na kwa mzigo uliombebea mama mmoja aliyejua na akanyamaza. Unaondoka na faili lisilo na doa. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi yenye amani.