Sufuria Iliyovimba Kitako

Mwaka wa themanini na nne, basi la Burnt Forest lilikuwa limetoka tu Eldoret, Nanyama, abiria wa kiti cha nyuma, aliposikia mwanamke wa kiti cha mbele akimuuliza jirani yake wa kiti kwa nini amepakata sufuria kuukuu kama mtoto mgonjwa.

"Ni ya marehemu mama yangu," akajibu yule jirani, aliyesema anaitwa Musimbi. "Nampelekea dada yangu, yeye bado anapikia kuni. Mume wangu amepewa nyumba ya kiwanda yenye koka, jiko la umeme, na sufuria hii haikai vizuri juu yake."

Yule aliyeuliza, Mama Waithira, alikuwa na duka la vyombo. Aliigeuza sufuria, akapapasa kitako kilichovimba. "Inagusa koka hapa katikati tu. Moto mwingine unapotea bure. Tafuta ya kitako bapa, upana sawa na koka, na mfuniko unaobana. Maharagwe yakikaribia kuiva, zima, joto lililobaki litamaliza. Ama hii ipeleke kwa mafundi wa jua kali wainyooshe kitako."

"Wakiigonga nyundo haitakuwa ya mama tena."

"Na ukiigawa, itabaki ya mama?"

Nanyama, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliona swali hilo kali mno kwa watu waliokutana tu steji wakingoja basi.

"Dada ataitumia kupikia," Musimbi akasema, machozi yakimtoka. "Mama hakupenda chombo kikae bure."

"Sasa mbona unalia?" Mama Waithira akauliza.

Basi likasimama Burnt Forest. Mama Waithira alishuka kwanza, akanyoosha mikono aipokee sufuria ili mwenzake ashuke. Musimbi alisimama mlangoni, bado ameikumbatia.