Demetria, Aliyekamua Samadi Kama Nazi

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Wapo mnaoosha vyombo, wapo mnaosubiri maharage yaive. Punguzeni moto kidogo, mkae. Leo tunamkumbuka Bi Demetria wa Mbagala, mama aliyefuga ng'ombe na kukamua samadi yake. Mmesikia sawasawa. Maziwa alikamua, na samadi akaikamua vilevile.

Demetria alizaliwa Karagwe, kwenye migomba na ukungu. Dar aliletwa na mumewe, Gaspar, karani wa kiwanda cha nguo. Mwaka themanini na tisa kiwanda kikapunguza watu, na Gaspar akawamo. Zilikuwa zile siku za ruksa, kila mtu na mradi wake: huyu kuku, yule mitumba, wa tatu maandazi. Demetria akaleta ng'ombe. Akamwita Kahawa, kwa rangi yake.

"Mama alikuwa anaamka kabla ya adhana," anatuambia binti yake, Anastasia. "Unamsikia uani anamwongelesha Kahawa kwa Kinyambo, lugha ya kwao, taratibu, kama anamsimulia ndoto. Mie nilikuwaga narudi kulala nikisikiliza."

Kahawa ndiye aliyekuwa chakula chao. Kahawa ndiye aliyekuwa karo ya Anastasia. Akiondoka Kahawa, nyumba nzima inalala njaa. Hilo mlishike, wasikilizaji.

Tatizo likawa sakafu. Banda lilikuwa la sementi, na ng'ombe akilala kwenye sementi tupu anachubuka magoti, kiwele kinavimba. Kwao Karagwe hata mgeni hutandikiwa nyasi ndani kabla hajakaa. Demetria angewezaje kumlaza Kahawa patupu? Nyasi zenyewe Mbagala ziko wapi? Maranda ya mbao wenye kuku walikuwa wakiyagombania. Na huku samadi inarundikana, maji yake yanatiririka, yanapita chini ya uzio mpaka uani kwa jirani.

Jirani huyo ni Bi Mwanabaraka, Mzaramo, mwenyeji wa hapo tangu Mbagala ikiwa mikorosho mitupu. Kazi yake kusuka mikeka. Siku maji ya samadi yalipoufikia ukindu wake aliokuwa ameuanika, alikwenda moja kwa moja kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Kondo. Mzee Kondo akaja, akaziba pua.

"Mama Anastasia," akasema, "masika ikikuta uchafu huu bado unatembea, ng'ombe atoke. Sitaki tugombane."

Basi Demetria akawa mtu wa kukaa kizingitini, ameduwaa. Mchana mmoja, ng'ambo ya uzio, Bi Mwanabaraka alikuwa anakuna nazi. Akaitia kwenye kifumbu, kile kifuko cha ukindu, akakisokota. Tui likashuka bakulini. Machicha yakabaki ndani, makavu. Demetria akatazama, akatazama tena, mpaka akasahau yuko wapi. Anastasia alimkuta anasokota hewa kwa mikono miwili.

Akaenda kuazima kifumbu. Bi Mwanabaraka alifurahi kweli. Pasaka ilikuwa imekaribia, akajua mtu wa bara leo kaamua kujifunza wali wa nazi.

"Chukua, mwenzangu," akamwambia. "Ila usikisokote kwa pupa, kitafumuka."

Kilichofuata mnakijua. Kwa mtu wa Karagwe, kifumbu ni chombo tu, sawa na ndoo. Kwa mwanamke wa Pwani ni heshima ya jiko lake, na hicho Bi Mwanabaraka alisukiwa na marehemu mama yake alipokuwa anaolewa. Alipokuja kuuliza wali umekuwaje, alikikuta kimejaa samadi, na Demetria anatabasamu, viganja vya kijani. Hakutukana. Aligeuka, akaenda zake.

"Angenitukana ningepata nafuu," Demetria alimwambia Gaspar. Alikwenda kuomba radhi, mlango haukufunguliwa. Alilia, wasikilizaji wapendwa. Lakini masika haimsubiri mtu amalize kulia.

Akarudi uani na gunia la katani. Akachanganya samadi na maji, akaikamua humo. Machicha akayaanika juu ya mabati, akayageuzageuza mpaka yakawa mepesi, hayanuki, ukiyapuliza yanapeperuka. Akamtandikia Kahawa. Yale maji akayakinga kwenye pipa, akayazimua, akanyweshea mchicha. Narudia kwa waliochelewa: machicha ni kitanda cha ng'ombe, maji ni mbolea ya bustani. Hakikubaki kitu cha kutiririka.

Asubuhi mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye yale mabati, jua linapita ndani yake, na Kahawa kalala pazuri, anacheua, macho nusu yamefumba. "Ukisimama pale," anasema Anastasia, "unasahau kama kuna mji. Unasikia kutafuna tu."

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Mzee Kondo akaita kikao. Wengi walikuwa wamekwishaamua kwamba ng'ombe atoke. Bi Mwanabaraka akasimama, akaweka sawa kanga yake. Demetria akainamisha kichwa.

"Huyu kanikosea adabu," alisema. "Kifumbu cha mama yangu kakitia mavi, na mie sijamsamehe. Lakini uani kwangu pamekauka. Nimepakanyaga kwa miguu yangu, pamekauka. Kama mnataka kumtoa ng'ombe, tafuteni kosa lingine. Aliyeshtaki maji machafu ni mie, na mie sishtaki tena."

"Na hilo gunia likipasuka?" akauliza Mzee Kondo.

"Nitamsukia kifumbu cha ng'ombe. Kikubwa. Cha jikoni kwangu asikiguse."

Watu wakacheka, na Kahawa akabaki. Anastasia akabaki shuleni.

Na Bi Mwanabaraka alikisuka kweli, kwa ukili mnene. Kwa miaka mingi wanawake wale wawili walionekana uani, mmoja huku, mmoja kule, wanakisokota na kuongea, mazungumzo yasiyo na mwanzo wala mwisho. Msamaha ulikuja lini, hakuna anayekumbuka.

Mwezi uliopita Demetria aliugua kifua, na hakuinuka tena. Siku ya msiba nyumba ilijaa, Gaspar kazungukwa na wazee, Anastasia hajiwezi. Bandani mjukuu wa Kahawa alikuwa analia, kiwele kimejaa, na katika watu wote wale hakuna aliyemkumbuka.

Bi Mwanabaraka alikuwa anaogopa ng'ombe. Miaka yote hiyo alisokota samadi tu, bandani haingii. Siku hiyo akaingia. Anastasia alimsikia kupitia dirisha: "Tulia, mama. Mwenyewe hayupo. Mie ndiye niliyepo." Akakamua mpaka kiwele kikalegea, machozi yanamtoka.

Wasikilizaji wapendwa, unapofikiria leo kumpeleka jirani yako kwa mjumbe, mpeleke ikibidi. Lakini baadaye chungulia tena uani kwako. Huenda pamekauka, na wewe bado umenuna.

Kwa kawaida hapa huwa tunasoma majina ya wafiwa, tukianza na mume. Mzee Gaspar ametuomba tusianze na lake. Anasema katika msiba huu yupo aliyefiwa kuliko yeye.

Pole, Bi Mwanabaraka. Pole, Mzee Gaspar. Pole, Anastasia.