Nkandu Aja Kuukagua Mji

Jumapili baada ya misa, mbele ya nyumba ya Donat katika Cité, mtaa wa Waafrika mjini Élisabethville, mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali ndiyo benchi, na debe la kahawa halikauki mpaka saa sita. Wenyeji wa pale ni watatu. Donat mwenyewe, wamwitaye Filimbi, hulisha makaa injini ya treni. Edouard, au Briki, huvunja vichuguu na kuchoma matofali. Anaclet, yaani Karani, huandika majina ya wafanyakazi ofisini, na hakuna jambo asilolijua. Jumapili moja ya mwaka 1928, mawingu ya mvua ya kwanza yakianza kukusanyika, Kabwe fundi mwashi aliwafikia mbio mbio, roho mkononi.

— Bandugu, munisaidie. Bibi yangu anakuya hapa.

Kabwe alikuwa amekaa peke yake miaka mitatu. Nkandu, mkewe, alikuwa ameshuka kwenye treni siku tano nyuma, kutoka kwao ng'ambo ya Bukama, na sharti lake alilitamka palepale stesheni: ataukagua mji kwanza, na ukimshinda, treni ya Jumanne itamrudisha kwa mama yake. Tangu hapo alizunguka kila mtaa bila kusema neno. Kabwe hakupata usingizi.

— Museme muji iko muzuri, alisihi. Museme na nguvu!

— Ile njo kazi? Briki alicheka. Shiye hatusemake kintu ingine.

Nkandu akafika, akapiga goti kidogo kuwaamkia, akakaa pembeni na kikombe chake.

— Shemeki, Filimbi alianza, hii muji yote ni treni njo ilizaa. Mbele treni haiyafika, hapa ilikuwa swala na nyani tu. Ikapiga filimbi mara moja, bantu bakatoka kila upande: Baluba, Babemba, Bagreki, Bataliani!

— Wapi! Briki alidakia. Treni inapitaka mu pori pia, mbona pori haizae muji? Ni matofali. Ile posta, ile kanisa, yote ni kichuguu. Muchwa balitayarisha buloba ya matofali miaka elfu, banatungojea. Hata Roma ni kichuguu. Mahali hakuna muchwa, hakuna muji.

— Ulifika Roma? Filimbi aliuliza.

— Padri alifika.

Karani alikohoa, ishara kwamba wengine wanyamaze.

— Munasema bintu ya batoto. Babiloni ilianza na muntu moja na buku yake. Akaandika jina ya jirani. Jirani akaogopa kutoka, ju jina yake iko mu buku. Akaita ndugu zake. Muji ni majina, basi! Siku miye nafunga buku yangu, Élisabethville inapotea mbele ya saa sita.

Kabwe aliona wanamharibia. Akayatoa yaliyokuwa moyoni mwake.

— Nkandu, ukuta ya ile posta, miye njo niliijenga. Kila asubui napita pale, naigusa. Napenda hii muji.

Alisema hivyo mbele za watu, na hakuona haya. Nkandu akaweka kikombe chini.

— Naweza kuuliza kintu moja?

— Uliza, shemeki.

— Siku treni haikuyi, munakulaka nini?

Karani akavua miwani, akaanza kuifuta.

— Treni inakuyaka, Filimbi alisema.

— Nimesikia. Nauliza siku haikuyi.

— Kampuni inatupatiaka unga, Karani aliingilia.

— Na unga inatoka wapi?

— Mu treni, Filimbi alijibu kwa sauti ndogo.

Hapo Nkandu akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

— Muji iko muzuri, Nkandu alisema. Taa ya barabarani inawaka bila mafuta. Maji inatoka mu chuma. Ku soko nimesikia luga kumi, na bote banaelewana. Kwetu hakuna muntu ataniamini. Lakini hapa, nyuma ya nyumba yetu, kuko buloba nyeusi, muzuri, na hakuna muntu anailima. Kati yenu, nani iko na jembe?

Wanaume wanne, wote watoto wa wakulima, na kati yao koleo, mwiko, kalamu, na jembe hakuna hata moja. Briki alijaribu kutaja koleo lake, akaishia njiani.

— Basi kesho tunaenda kununua, Nkandu alisema, akasimama na kujifunga kitambaa vizuri. Mvua iko karibu.

Kabwe naye akasimama.

— Na treni ya Jumanne?

— Iende tu. Jumanne niko na shamba ya kulima.