Mama Mizinga, Mtunguaji Aliyejifunza Kuruka

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na mbili ya kazi, Mama Mizinga atarudisha kadi yake ya mlangoni na kuwa mstaafu rasmi. Msitegemee airudishe kimyakimya. Mimi nimekaa meza ya jirani naye muda mrefu, nikitengeneza sauti za mchezo wetu, na sijawahi kumwona akifanya jambo lolote kimyakimya. Siku moja aliniambia mbele ya ofisi nzima kwamba mlio wa mzinga wangu mpya unafanana na sufuria iliyoanguka. Kusema kweli, ilikuwa sufuria.

Kwa ndugu na jamaa waliokuja leo kumuaga bila kujua tunafanya nini humu ndani: tunatengeneza mchezo wa vita wa kompyuta. Mchezaji mmoja anajenga kambi, mwenzake anakuja kuishambulia kwa ndege. Kazi ya Mama Mizinga ilikuwa kusawazisha mizinga ya kutungulia ndege: ifike umbali gani, ipige kwa kasi gani, igeuke upesi kiasi gani. Mizinga ikiwa dhaifu, kambi inateketea kabla mwenyewe hajamaliza chai yake. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, hakuna atakayethubutu kurusha ndege. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba, na hapo ndipo alipojenga maisha yake ya kazi.

Aliingia kama mjaribu wa michezo, yaani mtu anayelipwa kucheza mpaka mchezo uharibike, na alikuwa na kipaji cha ajabu cha kuuharibu. Jina lake alilipata benki. Alikuwa kwenye foleni, simu sikioni, akimwambia mwenzetu kwa sauti yake ya kawaida, ambayo kwa watu wengine ni kelele: "Kesho tunapunguza mizinga upande wa kaskazini. Ziache ndege zipite kidogo, zibomoe, tuone watu watasemaje." Foleni ilifunguka yenyewe. Alihudumiwa wa kwanza, akatoka akiwa amesindikizwa na mlinzi hadi barabarani. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aliposikia kisa hicho alimdarizia "Mama Mizinga" kwenye sweta, na hakuna aliyemwita vingine tena.

Lakini anayetaka kumjua vizuri lazima asikie habari za Nungunungu.

Wakati huo wachezaji walikuwa wanalia kwamba ndege zimezidi. Mama Mizinga alikasirika kwa niaba yao, akaunda mzinga mkubwa wenye mitutu mingi, akauita Nungunungu. Uliona mbali, uligeuka haraka, haukukosa. Vilio vikaisha. Alitembea ofisini kama bibi harusi.

Aliyeumia ni Rubani. Huyo ni mchoraji wetu wa ndege, mtu anayeogopa urefu kiasi kwamba hapandi hata ngazi ya kubadilishia taa, lakini kila ndege iliyomo kwenye mchezo wetu imetoka mkononi mwake. Alikuwa amezichora mpaka misumari ya mabawa. Baada ya Nungunungu, ndege hizo hazikuvuka uzio wa kambi. Watu waliacha kuzijenga kabisa. Rubani alilalamika kwenye mkutano, Mama Mizinga akamjibu kwamba ndege zake zijifunze kukwepa. Kesho yake Rubani alifunga vitu vyake kwenye boksi, akatuaga mmoja mmoja, meza ya Mama Mizinga akairuka, akaenda zake.

Wachezaji nao walianza kupungua. Mchezo wa kukaa ndani ya kambi mkitazamana una raha gani? Mkurugenzi alituita akasema bila kuzunguka kwamba toleo lijalo lisipowarudisha watu, mchezo utafungwa na sisi tutatawanywa. Tuliokuwa na watoto shuleni tulitazama chini.

Tulialika wachezaji wachache waje kujaribu mbele yetu, kwenye chumba cha chini chenye viti vya plastiki. Mmoja alikuwa muuguzi, ametoka kazini na viatu vyake vyeupe. Alijenga kundi zuri la ndege, akalituma. Nungunungu uliligeuza moshi kwa pumzi moja. Alijenga lingine, likaenda vilevile. Aliweka kipanya chini taratibu akasema, "Mimi nilipenda mchezo huu kwa sababu ya kuruka. Huku si kuruka tena, ni kwenda kuchomwa." Alishukuru kwa soda, akachukua mkoba wake.

Mama Mizinga alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha muuguzi. Jioni ile alivaa sweta lake, akaniomba nimsindikize kwa Rubani.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Rubani, ambaye alimtazama Mama Mizinga juu mpaka chini akamwita mumewe bila kutualika kuketi. Rubani alitokea na taulo begani.

"Umekuja kuzitungua na huku nyumbani?" aliuliza.

"Nimekuja unionyeshe kuruka," Mama Mizinga alijibu. "Miaka yote hii nimekaa chini tu, natazama juu. Sijawahi hata siku moja kuwa upande wako."

Rubani alisogeza vyombo kwenye meza ya chakula, akafungua kompyuta.

Nitakumbuka jioni hiyo mpaka nizeeke. Mama Mizinga alirusha ndege zake kwa mbwembwe, zikafika kwenye uzio, zikaisha. Akarusha tena, zikaisha. Safari ya tatu alipiga meza kwa kiganja akafoka, "Mjinga gani aliyeuweka mzinga huu hapa?" Mke wa Rubani alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenye mzinga naye akaanza kucheka, Rubani akafuata, na ndipo tulipoletewa viti. Kabla ya kuondoka Mama Mizinga alimwambia Rubani, bila mzaha, "Nilikukosea. Ndege zako ni nzuri, nami niliwanyima watu nafasi ya kuziona." Asubuhi Rubani alirudi na boksi lake.

Mkurugenzi alitaka njia ya mkato: nguvu ya Nungunungu ikatwe nusu, basi. Mama Mizinga alikataa. "Ukikata nusu unahamisha kilio tu," alimwambia. "Leo wanalia wenye ndege, kesho watalia wenye kambi. Niache nimpe kila mmoja cha kufikiria." Mkurugenzi hakupenda, lakini alimwachia.

Wawili hao walikaa meza moja, mmoja akishambulia na mwingine akilinda, kisha wakibadilishana. Nungunungu ulibaki na makali yake, ila sasa ulihitaji mnara wa kuuonyesha ndege zinatoka wapi, na uligeuka polepole kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Mshambuliaji mwenye akili angeweza kuuangusha mnara kwanza, au kuja kutoka pande mbili kwa pamoja. Mlinzi mwenye akili angeuficha mnara, au angeweka mizinga midogo kufunika mgongo. Hakuna aliyepewa ushindi wa bure.

Toleo lilipotoka, wiki ya kwanza tulitukanwa vibaya. Wenye ndege walisema mizinga imependelewa, wenye kambi walisema ndege zimependelewa. Mama Mizinga alisoma malalamiko yote, akageuka na tabasamu pana. "Wanalalamika pande zote mbili sawasawa? Basi tumefika, jamani." Na kweli, katikati ya kulalamika huko walikuwa wanacheza. Walirudi mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakaanza kufundishana mbinu ambazo hata yeye hakuwa ameziwaza. Hakuna aliyetawanywa.

Ametuachia mengine mengi. Ndiye aliyeweka sheria kwamba anayetaka kuongeza nguvu ya silaha yoyote kwanza aicheze kutoka upande wa anayepigwa nayo. Ndiye pia aliyegoma toleo fulani lisitoke mpaka kila ndege inayopigwa ifungue mwavuli na rubani wake atue salama. Aliambiwa ni vita, watu watazoea. Alisema, "Mimi natungua ndege, situngui watoto wa watu." Miavuli ile midogo myeupe bado inashuka kwenye skrini hadi leo, na wapo wachezaji wanaosubiri itue yote kabla ya kuendelea.

Sasa anakwenda kupumzika, ingawa neno hilo linamchekesha mumewe kuliko sisi. Ana mpango wa kujifunza kuogelea, kumtembelea dada yake bila kuangalia saa, na kuwashinda wapwa zake katika kila mchezo watakaokuwa nao nyumbani.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano mgumu kuhusu ndege mpya. Mabishano yalipopamba moto, sote tuligeuka kumtazama, kama tulivyozoea. Alisimama, akachukua kikombe chake. "Mimi nimeshatoka," alisema. "Amueni." Akafunga mlango nyuma yake. Tulikaa tukitazamana kama watoto walioachiwa nyumba. Kisha msichana aliyejiunga nasi mwaka jana alikohoa akasema yeye angependa tuanze kwa kuicheza kutoka upande wa anayepigwa. Tukabishana, tukacheza, tukabishana tena, tukaamua. Tulipotoka tulimkuta ukumbini akipiga soga na mlinzi wa mlangoni, na hakuuliza tumeamua nini.

Asante, Mama Mizinga, kwa kazi na kwa kelele zako. Tunakutakia afya, vicheko na siku ndefu zenye raha pamoja na wote uwapendao.