Kadi za Harusi na Tona ya Kinuni

Benchi letu liko mlangoni kwa Mjomba Kopi, mwenye mashine ya fotokopi, na kahawa ni ya kwake. Asubuhi hiyo alitoka na bunda la kadi za harusi ya mpwa wake, zawadi aliyoiahidi mbele ya ukoo mzima. Zilitakiwa zifike kwa wazazi wa bwana harusi kabla ya mchana. Tona, ule wino wa unga wa mashine, ilikuwa imemwishia, na kwa ubahili wake akatwanga mkaa na beseni bovu la plastiki kwenye kinu cha mkewe, akachekecha, akamimina mashineni. Kadi zilitoka zimekolea, mpaka Kinyozi, mwenzetu wa benchi, aliposhika moja, jina la bibi harusi likabaki kidoleni.

— Hukutwanga vizuri, akasema Waziri, tuliyempa cheo hicho kwa kuwa hakuna swali linalomshinda. Lete nyingine nione. Hee, hii nayo imefutika!

— Mkaa na beseni havijapatana, nikasema mimi, nikisugua kadi ya kwangu. Ungevichemsha pamoja.

— Kiwandani hawatwangi, akasema Kinyozi. Mteja wangu anafanya kazi huko. Vichembe vya plastiki na rangi wanavichanganya kwenye maji, vinashikana, vinakua mpaka kuwa punje za saizi moja. Wanazipasha moto, zinakuwa duara. Zikifika mashineni zinayeyuka, zinanata kwenye karatasi.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Plastiki inakua majini! Waziri akapiga paja. Huyo mteja ulimnyoa nywele na akili!

— Mimi nimesema nilichoambiwa.

— Jamani, nisaidieni, akasema Mjomba Kopi. Mpwa wangu ananitegemea.

Nilimhurumia kweli, nikajaribu kusugua kadi nyingine tatu.

— Zipake mafuta ya nywele, nikashauri.

— Mafuta ya nini? akafoka Waziri. Tona inashikishwa na uzito. Tandaza kadi benchini, uzikalie!

Mjomba Kopi akazikalia, maskini, kwa imani yote. Alipoinuka, kadi zilikuwa nyeupe pe. Ukumbi, tarehe na saa vyote vilikuwa vimehamia kwenye makalio ya suruali yake ya kijivu.

Hapo ndipo bibi harusi mwenyewe alipotokea, anatabasamu.

— Shikamooni. Mjomba, kadi zangu ziko wapi?

Sote tukaficha mikono yetu myeusi nyuma. Waziri akatazama ndani ya kikombe kilichokuwa benchini. Mjomba Kopi akaingia dukani kinyumenyume.